Sauti zilizo ukutani: dhana potofu kuhusu filamu za kutisha

“Muite pasta!” mama jirani alipiga kelele, kitenge kimemfunika mpaka machoni. Tulikuwa sebuleni kwake Kadutu, hapa Bukavu, tukiangalia His House, filamu ya mwaka 2020 ya Remi Weekes. Mume alikuwa anabomoa ukuta kwa nyundo, akizitafuta sauti zilizomo ndani.

Dhana potofu: filamu hizi ni habari za mapepo tu, na dawa yake ni maombi.

Ukweli: Bol, yule mume, na mkewe Rial ni wakimbizi wa Sudan Kusini waliopewa nyumba Uingereza. Baharini walimpoteza mtoto, Nyagak. Baadaye tunagundua hakuwa mtoto wao: walimnyakua ili wapate nafasi kwenye basi la kukimbia vita. Bol anataka kusahau upesi, ale kwa uma, aimbe na mashabiki wa mpira. Kadiri anavyonyamaza, ndivyo kuta zinavyosema. Hatia na kilio alivyovimeza ndivyo vinavyotembea mle ndani usiku.

Sisi wa Kivu tunapaswa kuielewa hiyo kuliko wengi. Yule baba anayeruka kitandani mlango ukigongwa kwa nguvu, miaka mingi baada ya kukimbia kijiji chake, yuko karibu kila avenyu. Sala inamtuliza, na mimi mwenyewe ninasali. Lakini anayeota risasi kila usiku anahitaji pia daktari, na SOSAME, kituo cha magonjwa ya akili cha Frères de la Charité, kiko hapa hapa mjini.

Dhana potofu: mgonjwa wa akili ndiye mwenye kisu. Psycho, filamu ya 1960 ya muuaji mgonjwa wa akili, iliieneza sana. Ukweli: wengi wao hawamgusi mtu. Wao ndio wanaopigwa, wanaofungwa kamba, wanaotupiwa mawe na watoto.

Dhana potofu: zimwi likiuawa, mtu amepona.

Ukweli: katika The Babadook (2014) ya Jennifer Kent wa Australia, zimwi halifi. Mama ni mjane. Mumewe alikufa kwa ajali akimpeleka kujifungua, kwa hiyo siku ya kuzaliwa ya mwanawe ni siku ya msiba pia. Mwishoni huzuni hiyo, ambayo ndiyo zimwi lenyewe, inakaa chini ya nyumba, na mama anaiteremkia na bakuli la minyoo ili ile. Inamngurumia, karibu imwangushe; anaisemesha polepole mpaka inatulia. Kisha anapanda juu kwa mwanawe, ambaye kwa mara ya kwanza anasherehekewa siku yake yenyewe.