Mna setilaiti, mnafuata nini gizani?

Juzi nimeulizwa tena, safari hii na mhandisi: "Si mna setilaiti zinazolikodolea Jua macho usiku na mchana? Sasa kubeba mizigo yote hiyo mkasimame kwenye kivuli cha Mwezi dakika tatu Jua linapopatwa, huo ni utafiti au utalii?" Huwa nacheka kwa adabu. Adabu imeniishia.

Koronografu ni kupatwa kwa Jua kwa kutengeneza: kisahani mbele ya lenzi kinaziba uso wa Jua, inabaki korona, ile gesi nyembamba yenye joto kali inayolizunguka Jua. SOHO, chombo cha angani cha kulichungulia Jua kilichorushwa Desemba 1995, kilibeba tatu. Tatizo ni hicho kisahani, na hapa naomba msinikimbie.

Hata karibu na ukingo wa Jua, korona inang'aa kama sehemu moja ya milioni ya uso wenyewe. Mwanga ukifika kwenye ukingo wa kisahani haukatiki kama uzi. Unapinda na kuchungulia ndani, na hako kamwanga kanatosha kuizamisha korona nzima. Dawa? Unaongeza ukubwa wa kisahani. Kikishalizidi Jua kwa upana, kimeziba na korona ya chini, ile ile uliyoifuata. Koronografu ya C2 ya SOHO huanza kuona vizuri kwenye umbali wa nusukipenyo 2 hivi za Jua kutoka kitovu chake. C1, iliyoundwa kuchungulia chini zaidi, haikufufuka baada ya chombo kupoteza mawasiliano mwaka 1998. Mwezi, kwa upande wake, ni kisahani kilichoning'inia umbali wa kilomita 384,000 hivi, nje ya hewa yetu, na kivuli chake kinaitia giza hata anga iliyo juu ya kichwa chako. Mwanga unaopinda ukingoni mwake ni wa kupuuza.

"Mbona picha za setilaiti za urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, zinaonyesha korona hadi chini kabisa?" Zinaonyesha, ndiyo. Ila mwanga huo unatoka kwa ioni (atomu zilizopoteza elektroni) zinazogongwa na elektroni, hivyo mng'ao wake unakwenda na mraba wa msongamano. Msongamano ukishuka mara 10, mng'ao unashuka mara 100. Panda kidogo tu, picha imekufa. Mwanga mweupe wa korona ni mwanga wa Jua lenyewe uliotawanywa na elektroni, nao unashuka sawasawa na msongamano. Ndiyo maana wakati wa kupatwa unaweza kufuata mwale mmoja wa korona kuanzia ukingoni hadi mbali bila kukatika, na humo njiani ndimo upepo wa Jua, yaani chembe zinazotoka kwenye korona kwenda angani, unamoanza kushika kasi. Mtu akibandika picha hizo mbili pamoja na kuandika chini yake "korona" tu, kichwa kinaniuma. Zile rangi za dhahabu na kijani, kwa taarifa yenu, ni za kupaka.

Na tusisahau tulianzia wapi. Kupatwa kwa Agosti 1869 ndiko kulikoonyesha, mwanga wa korona ulipochambuliwa kwa rangi zake, mstari wa kijani wa nanomita 530.3, ukabambikiziwa elementi mpya, "koronio". Miaka 70 hivi ikapita kabla wanafizikia Grotrian na Edlén hawajaonyesha kuwa ni chuma kilichopoteza elektroni 13, jambo linalodai joto la zaidi ya digrii milioni juu ya uso wenye digrii 5,500 hivi. Kwa nini korona ina joto kuliko uso? Wengine wanasema mawimbi ya sumaku, wengine milipuko midogo midogo. Mimi asubuhi niko na mawimbi, jioni nimehama.

Nisijifanye mtakatifu. Proba-3, iliyorushwa Desemba 2024, imenitia jasho: vyombo viwili vinaruka vikiwa vimeachana kama mita 150, kimoja kikimzibia mwenzake Jua kwa usahihi wa milimita, na vinachungulia hadi nusukipenyo 1.1 za Jua kutoka kitovu chake, kwa saa kadhaa mfululizo. Hoja yangu imebaki na mguu mmoja: kile chombo kina vichujio vichache tu, nami naweza kwenda kivulini na spektrografu, kifaa cha kuchambua mwanga kwa rangi zake, niliyoimaliza mwezi uliopita. Halafu hesabu zangu za msongamano zinategemea kuondoa kwanza mwanga uliotawanywa na vumbi la angani, na kiasi cha kuondoa kina kipande cha kubahatisha ambacho kwenye makala huwa tunakivisha suti.

Tena mara yangu ya pili kivulini nilisahau kutoa kichujio kinachoikinga kamera na ukali wa Jua. Kamera inapiga kwa mpangilio, kuanzia sehemu ya elfu ya sekunde hadi sekunde mbili, shata inalia vizuri kabisa, nami nimekodoa macho juu, kinywa wazi. Sekunde 40 za weusi mtupu, hadi mwenzangu akanipiga kumbo: "Kichujio, bwana!" Nafasi nyingine niliisubiri zaidi ya mwaka. Siku hiyo palikuwa na mawingu.