"Kuku, Kumbuka": Dhana Potofu Kuhusu Maneno ya Nyimbo Tunazoimba Nyumbani

Nyumba nyingi za Tanga, Ngamiani hata Raskazone, zina ubeti wao ambao haumo katika wimbo wowote. Bibi anauimba huku akikuna nazi, wajukuu wameupokea hivyo hivyo, na siku shemeji mgeni akiuimba kama ulivyorekodiwa, anayechekwa ni yeye. Ubishi ukianza barazani, hoja huwa ni zile zile, na nyingi hazisimami.

Dhana: Anayesikia maneno mengine ana masikio mabovu

Sikio linapokea sauti tu. Maneno yanaundwa na ubongo. Mwaka 1970 mtafiti wa Marekani, Richard Warren, alikata sauti moja ndani ya neno lililorekodiwa na kupachika kikohozi mahali pake. Wasikilizaji walilisikia neno zima, na hawakuweza kuonyesha barabara kikohozi kilikaa wapi. Ngoma inapofunika silabi mambo huwa hayo hayo: ubongo hauachi pengo, unaziba kwa neno lililo karibu nalo.

Wala si ugonjwa wa wasiosoma. Mwandishi Mmarekani Sylvia Wright alieleza mwaka 1954 jinsi alivyokuwa akisomewa na mama yake utenzi wa Kiskoti utotoni. Utenzi ulisema bwana mmoja aliuawa akalazwa majanini. Yeye akasikia kwamba ameuawa pamoja na bibi mmoja aitwaye Lady Mondegreen. Waingereza na Wamarekani mpaka leo wanaliita kosa la namna hii kwa jina la bibi huyo asiyekuwepo.

Masikio yanastahili kushukiwa pale tatizo linapotoka nje ya wimbo: mzee anauliza "umesemaje?" hata kwenye mazungumzo ya kawaida, anapandisha redio kila wiki, au anawasikia wanaume vizuri kuliko watoto. Uzeeni sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea, nazo ndizo zinazobeba s, sh, f na th. Huyo apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo. Huenda ni nta tu, ila isichokolewe kwa njiti ya kiberiti, maana njiti huisukuma ndani zaidi.

Dhana: Kiswahili kinasomwa kama kinavyoandikwa, kwa hiyo hakikosewi

Kinakosewa, tena kwa sababu zake chenyewe. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, hivyo sauti peke yake haikwambii neno limekomea wapi. Kinachokwambia ni mkazo, ambao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo maana baraBAra ni njia ya magari, na baRAbara ni sawasawa.

Wimbo hauna adabu na mkazo. Chukua maneno haya: "sitachoka kukukumbuka." Ukilisema hilo neno la pili, uzito uko kwenye "mbu" peke yake. Yatie kwenye wimbo, ngoma ianguke juu ya "ku" ya kwanza na mwimbaji aivute "mbu", na hapo mtoto wa miaka minne anapata KUku, kuMBUka. Kuku anaambiwa akumbuke! Tazama kwamba mtoto hakukosea sauti hata moja. Kilichohama ni mpaka wa neno.

Jambo la pili ni irabu kumezana. Neno likiishia na u na linalofuata likianza na u, mwimbaji huzipitisha kwa pumzi moja: "wangu una" inatoka "wanguna," na msikilizaji anaanza kujiuliza nguna ni kitu gani.

La tatu linawahusu hasa watu wa pwani. Wazee wengi wanaozungumza lahaja za huku bado wanatofautisha paa la nyumba na paa wa porini, kaa la moto na kaa wa mikokoni, kwa mpumuo: mnyama hutamkwa kwa pumzi inayotoka na p au k, paa la nyumba na kaa la moto havina pumzi hiyo. Maandishi hayaonyeshi, shule haifundishi, na vijana wengi hawaisikii tena. Kwa hiyo bibi na mjukuu wanaweza kusikiliza rekodi moja, bibi akaona mnyama na mjukuu akaona makuti. Hapo bibi asikilizwe kwanza.

Dhana: Maneno yaliyoandikwa mtandaoni ndiyo sahihi

Mengi yameandikwa na mashabiki waliosikiliza kama unavyosikiliza wewe, na siku hizi mengine yanaandikwa na programu. Kosa la mmoja linanakiliwa mara kumi, kisha linaonekana kama ushahidi wa watu kumi.

Kwa nyimbo za taarabu iko njia bora, tena ya bure: mizani, yaani idadi ya silabi, na vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana. Mashairi mengi ya taarabu ya zamani yametungwa kwa arudhi, yaani kanuni za ushairi, na mstari wenye vipande viwili vya mizani 8 kila kimoja ndio wa kawaida kuliko yote. Mstari ukipungua mizani moja, kuna silabi iliyokuponyoka.

Huu ni mstari uliotungwa hapa kwa mfano tu: "Moyo wangu una donda, limemshinda tabibu." Hesabu: mo-yo-wa-ngu-u-na-do-nda, 8. Li-me-m-shi-nda-ta-bi-bu, 8. Sasa wapo watakaosikia "limeshinda, tabibu." Maana inakubalika kabisa, kama mgonjwa anayemweleza mganga kwamba donda limeshinda. Ila ukihesabu unapata 7. Iliyokimbia ni ile "m" ya katikati, inayobeba mizani nzima bila kuwa na irabu, na ndiyo huwa ya kwanza kumezwa na kinanda.

Utaratibu ni huu. Andika unachosikia bila kukitengeneza, hata kama ni upuuzi. Hesabu beti zote, uone idadi gani inajirudia, kisha weka alama kwenye mistari iliyozidi au kupungua. Angalia na vina: kama vipande vya kati vinaishia na "nda" ubeti mzima na kimoja kimeishia na "mba," shuku hicho. Katika kuhesabu, m-tu ni mizani 2, na n-chi vilevile, lakini mbu-zi ni 2 na wala si 3, kwa sababu mb, nd, ng, nj na nz huenda pamoja na irabu inayofuata. Mbwa ni m-bwa, 2. Usihesabu "ee," "jamani" wala vikorombwezo vingine vya mwimbaji. Kibwagizo nacho kinaweza kuwa na kipimo chake.

Baada ya hapo ndipo uulize watu wawili, kila mmoja peke yake, na usiwaonyeshe ulichoandika. Aliyekwisha kuambiwa "kuku, kumbuka" atamsikia kuku huyo mpaka mwisho wa wimbo.

Njia hii haifai kwa muziki wa dansi wala bongo fleva, ambako mtunzi hafungwi na mizani. Bendi za Atomic na Jamhuri Jazz za Tanga hapa hapa hutazipata kwa kuhesabu vidole. Kwa hizo utahitaji rekodi safi na uvumilivu.

Dhana: Ongeza sauti, utasikia maneno

Besi kubwa hufunika sauti nyembamba zilizo juu yake, na spika ndogo ikilazimishwa hukwaruza. Punguza sauti kwanza, punguza besi, halafu pandisha eneo la kati, kama hezi 2,000 hadi 4,000, ambako konsonanti nyingi zinapambanuka. Sikiliza kipande cha sekunde 5 au 6, ukirudie. Kasi ya 0.75 husaidia, chini ya 0.5 konsonanti zinavutika na unasikia ukungu mtupu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa muda huo huo. Spika ya sherehe iliyowekwa pembeni ya jamvi la watoto inapita hapo kwa mbali.

Dhana: Kaseti ya babu haidanganyi

Inadanganya sana, hasa ikiwa ni nakala ya nakala. Kila nakala inapunguza sauti nyembamba, yaani zile zile s na f. Mota ya rekoda iliyochoka wakati wa kunakili huburuza utepe, kwa hiyo kwenye mashine nzima wimbo unakwenda mbio na mwimbaji anakuwa na sauti ya kitoto. Unyevu wa bahari unaongeza la kwake: ukiona unga mweupe ukingoni mwa utepe, hiyo ni kuvu, usiicheze. Itachafua kichwa cha rekoda, na kaseti zitakazofuata zitaambukizwa.

Kama utepe ni msafi na unataka kuuhamishia kwenye simu au kompyuta, uzungushe wote mbele kisha nyuma ili tabaka ziachane. Safisha kichwa kwa pamba na spiriti, subiri kikauke. Tazama kijisponji kilicho chini ya utepe katikati ya kaseti. Kikiwa kimebanduka, sauti hufifia hata rekoda ikiwa mpya. Tumia waya, usirekodi kwa kuweka simu mbele ya spika, la sivyo utahifadhi na feni ya sebuleni.

Dhana: Kila taarabu ya zamani ni ya Unguja, na kila sauti ya mama ni ya Shakila

Tanga ilikuwa na mtindo wake. Black Star Musical Club na Lucky Star zilipiga taarabu ya vikundi vidogo, gitaa na gitaa la besi vikiwa mbele, si okestra kubwa ya fidla ya Unguja. Shakila, mzaliwa wa Pangani aliyefariki mwaka 2016, ndiye sauti yake mashuhuri, lakini si sauti pekee. Hili lina faida katika kutafuta maneno: wimbo mmoja huweza kurekodiwa na vikundi viwili kwa beti tofauti. Huenda shangazi na mjomba wote wanaimba sawasawa, ila kila mmoja ana kaseti yake.

Dhana: Lingala ni Kiswahili kilichopinda, unaweza kukisia

Baadhi ya maneno yanafanana kweli. Mwana ni mwana. Lakini "mawa" ni huzuni, na familia nyingi zimeyaimba kama maua kwenye harusi. "Motema" ni moyo, "ngai" ni mimi. Nyimbo za filamu za Kihindi ndizo zaidi: watu wanaimba kwa sauti tupu, na hapo hakuna kosa la kusahihisha, maana hakuna aliyedai kuelewa.

Dhana: Mtoto asahihishwe kila akikosea, na aanze kuimbiwa kwa spika tumboni

Mtoto aliyemo tumboni huanza kuitikia sauti kuanzia kama wiki ya 25, na kinachomfikia ni mdundo na mawimbi ya sauti ya mama. Konsonanti nyingi zinakwama njiani. Sauti ya mama inatosha, visikilizio juu ya tumbo havina kazi. Akishazaliwa na kuanza kuimba, mtoto hukata maneno kwa msamiati alio nao. Usimkatize. Imba naye mstari huo polepole, useme maana yake nje ya wimbo, na umwache. Ila fumbo la mke mwenza mwache aliimbe bila kuelezwa, litamjia lenyewe.

Ukishapata maneno ya kweli, yaandike kwenye daftari kwa safu mbili: moja kama yalivyorekodiwa, ya pili kama yanavyoimbwa nyumbani. Juu weka jina la kikundi na kaseti iliyotumika, pembeni jina la aliyeanza kukosea, kama bado yuko wa kukiri.