"Vita ndo ilijenga dola" maana yake nini?

Wanasosholojia wanapenda sana kuurudia huu msemo, kwamba vita ilijenga dola (yaani serikali, siyo ile hela ya Marekani) na dola ikapiga vita. Ni wa Mmarekani Charles Tilly, mwaka 1975, na watu wakiusikia wanadhani jamaa anasifia vita. Wala. Anaongelea hela.

Yaani mfalme wa Ulaya anataka kumpiga jirani yake, askari wanadai posho, baruti haiji bure, basi inabidi atoze kodi, na kodi inataka makarani, madaftari, kuhesabu watu na mashamba, halafu vita ikiisha ofisi haifungwi. Uingereza walianza kodi ya mapato 1799 ili wapigane na Ufaransa, wakaifuta 1816 vita ilipoisha, ila 1842 ikarudi, na mpaka leo wanalipa bana. Walioshindwa walimezwa: mwaka 1500 Ulaya ilikuwa na tawala kama 500, kufika 1900 zimebaki kama 25 hivi.

Sasa tuje kwetu Tabora. Stori za Mirambo, yule mtemi wa Wanyamwezi, huwa ni rugaruga (wapiganaji wake) na bunduki tu, ila mimi naona kilichomuweka mjini ni hongo, ule ushuru wa njia, misafara inatoa nguo, shanga na baruti ndo ipite kwenda Ujiji. Alipogombana na Waarabu wa Tabora 1871 akaifunga njia, mpaka Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta mmisionari Livingstone, aliyekuwa upande wa Waarabu na wakachapwa, ikabidi azungukie kusini ndo akamkute Livingstone Ujiji. Nguo na baruti zinaenda kwa rugaruga, rugaruga wanateka njia nyingine, hongo inaongezeka. Tilly mtupu!

Kilichokosekana ni daftari. Rugaruga walikula nyara, watemi walimtii yeye kama yeye, kwahiyo alipofariki 1884 kila mtu akashika lake na himaya ikameguka fasta, Wajerumani nao wakatia timu Tabora 1890, wakaja na kodi ya vibanda na makarani wao.

Ila kwenye utaifa nadharia hii inapwaya kidogo. Mipaka ya Tanganyika ilichorwa mezani na wageni, na waliotufanya tujione wamoja hawakushika bunduki, walishika vikao, kama ule mkutano wa TANU, chama kilichodai uhuru, hapa hapa Tabora Januari 1958, wakibishana waingie au wasusie uchaguzi wa kura tatu, ambao mpiga kura lazima achague Mwafrika, Mhindi na Mzungu. Wakaamua kuingia.