Je, wajua kwa nini maji ya Makutupora hayana jibu la namba moja?

Muulize mkazi yeyote wa Dodoma maji ya bomba yanatoka wapi, atakujibu bila kufikiri: Makutupora. Muulize yako kiasi gani huko chini na yatatosha hadi lini, na hapo hata mtaalamu aliyebobea ataanza na "inategemea". Wengi wakisikia hivyo hudhani anakwepa swali. Mimi naona kinyume chake. Anayekutajia namba moja iliyonyooka, bila kusema inaweza kupanda au kushuka kiasi gani, huyo ndiye wa kumtilia shaka. Sababu iko ndani ya hesabu yenyewe.

Makutupora ni bonde lililo kaskazini mwa jiji. Visima virefu vya huko vinachota maji yaliyojibana kwenye mwamba uliochakaa na kupasukapasuka. Kwa kuwa hakuna awezaye kushuka humo akapime kwa macho, wataalamu hutumia modeli, yaani hesabu za kompyuta zinazojaribu kuiga mwenendo wa mvua, jua, udongo, vijito na pampu. Majibu ya modeli ndiyo yanayoingia kwenye ripoti, na ripoti ndiyo inayowekwa mezani pale kibali cha kutumia maji kinapotolewa au mradi unapofanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira.

Hesabu ya kwanza inaonekana nyepesi. Chukua mvua iliyonyesha, toa maji yaliyorudi angani kwa jua na mimea, toa yaliyotiririka yakaenda zake. Kilichobaki ndicho kilichozama ardhini. Dodoma hupata takriban milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na jua la hapa halina huruma. Tuseme, kwa mfano tu, mvua ni milimita 570 na zilizopotea ni 555. Zimebaki 15. Sasa tuseme kipimo cha mvua kimekosea kwa asilimia 5. Asilimia 5 ya 570 ni zaidi ya 28, yaani kosa ni karibu mara mbili ya jibu lenyewe! Ni sawa na kutaka kujua uzito wa utingo kwa kupitisha lori kwenye mizani akiwa ndani, kisha kulipitisha tena akiwa ameshuka.

Na kosa la asilimia 5 si la ajabu. Kipima mvua cha kawaida kina mdomo wenye kipenyo cha sentimita 12.7, nacho kinatakiwa kisemee kilomita nyingi za mraba zinazokizunguka. Mkulima wa Dodoma anajua mvua za huku zilivyo na upendeleo: inapiga Veyula hadi korongo linafurika, huku watu wa Nala wanatazama mawingu tu. Milimita moja ikikosewa kwenye kilomita moja ya mraba, ni lita milioni moja zimeongezwa au zimepunguzwa kwenye karatasi.

Basi kwa nini wasipime maji yenyewe kisimani? Wanapima. Fundi anafungua mfuniko wa kisima cha uangalizi, anateremsha tepu ndefu yenye kitambuzi kwenye ncha, na kitambuzi kikigusa maji tepu inalia. Anasoma namba pale kwenye mdomo wa bomba, anaandika kwenye daftari. Lakini namba hiyo peke yake haitoshi. Je, pampu ya kisima cha jirani ilikuwa inavuta? Kama ilikuwa inavuta, basi na maji ya hapa yameshuka nayo; ikipumzishwa usiku kucha, asubuhi yanakutwa yamepanda bila tone la mvua. Ndiyo maana daftari la kina cha maji lisiloambatana na daftari la pampu lina thamani ndogo.

Liko jambo jingine ambalo hata wasomi hulipita haraka. Maji yakipanda mita moja kisimani, haina maana kwamba ardhini imeingia mita nzima ya maji. Sehemu kubwa ya mwamba ni jiwe; maji yanakaa kwenye nyufa na vitundu, ambavyo huenda ni asilimia chache tu za ujazo wote. Ukiamini ni asilimia 2 kumbe ni 4, umekosea hesabu ya akiba kwa nusu nzima, na kipimo chako cha kina kilikuwa sahihi kabisa.

Bahati nzuri, Makutupora ina kitu ambacho maeneo mengi makavu ya Afrika hayana: kumbukumbu za kina cha maji zilizoanza miaka ya 1950. Mwaka 2013 Richard Taylor wa University College London na wenzake, wakiwemo wataalamu wa maji wa Kitanzania, walichapisha katika jarida la Nature Climate Change uchambuzi wa kumbukumbu za miaka 55. Walichokiona ni kwamba kisima hakijazwi kidogokidogo kila mwaka. Maji hushuka miaka kadhaa mfululizo, halafu unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida na maji yanaruka juu. Misimu hiyo inahusiana na El Niño na hali ya joto la Bahari ya Hindi, na ule wa 1997/98 ndio watu wengi bado wanaukumbuka.

Hapo ndipo wastani unapogeuka mtego. Chukua miaka kumi ya kubuni: tisa imeingiza sifuri, mmoja umeingiza milimita 150. Wastani ni 15 kwa mwaka, ingawa hakuna hata mwaka mmoja kati ya hiyo kumi ulioingiza 15. Mtaalamu aliyefundisha modeli yake kwa ile miaka tisa atasema bonde linakufa. Aliyeanzia kwenye mwaka wa mvua kubwa atasema maji ni tele, chimbeni. Wote wawili ni waaminifu na hesabu zao hazina kosa. Ukisoma ripoti ya maji, kabla hujaangalia jibu, angalia ni miaka ipi iliyotumika.

Kuna shaka ya namna nyingine, nayo haiondoki hata ukiwa na vipimo safi. Modeli moja inaweza kudhani maji yanazama sawasawa kote, mashambani na vichakani. Nyingine inadhani yanaingia zaidi kupitia mchanga wa vijito vya msimu, kama Kinyasungwe Ndogo, siku zile chache vinapotiririka. Ukiziweka kwenye kompyuta na kuzirekebisha taratibu, zote mbili zinaweza kulingana na kumbukumbu za visima. Lakini kwa mtunga sera ni mbingu na ardhi. Kama mlango wa maji kuingia ardhini ni kijito, basi kuchota mchanga, kujenga ndani ya mkondo au kuzuia maji huko juu ni kuugusa mlango wenyewe. Kama mlango ni shamba, mazungumzo yanahamia kwenye miti, malisho na kilimo. Utafiti uliofanywa baadaye hukohuko bondeni umeupa nguvu upande wa kijito: kinachohesabika sana ni muda ambao mto unaendelea kutiririka. Ulihitajika ushahidi wa kuufuatilia mto wenyewe. Kuongeza nguvu za kompyuta kusingetosha.

Halafu tupo sisi watu. Sensa ya 2012 iliikuta Dodoma mjini na watu wapatao 411,000. Ya 2022 ikakuta kama 765,000. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ni wa mwaka 1973, lakini aliyekaa mwaka 2014 kukadiria mahitaji ya maji ya miaka kumi mbele angetumia kasi gani? Tangazo la serikali kuhamia lilikuja Julai 2016. Hakuna mlinganyo wa fizikia unaoweza kutabiri hotuba. (Na hii shaka ya mwisho, nionavyo, ndiyo kubwa kuliko zote, ingawa ndiyo inayopewa kurasa chache zaidi kwenye ripoti.)

Sasa wanafanyaje? Njia iliyozoeleka ilitokana na mchezo wa karata. Mwaka 1946 mwanahisabati Stanislaw Ulam, akiwa anapona ugonjwa, alikuwa akicheza karata peke yake na akajiuliza uwezekano wa kushinda ni kiasi gani. Badala ya kuhangaika na hesabu ndefu, aliona ni rahisi kucheza mara nyingi na kuhesabu mara ngapi ameshinda. Njia hiyo ikaitwa Monte Carlo, kwa jina la jumba la kamari la Monaco. Kwa maji ni vivyo hivyo: unaiendesha modeli mara elfu, kila mara ukichagua asilimia tofauti ya nyufa, mpangilio tofauti wa miaka ya mvua na idadi tofauti ya watu, zote zikiwa ndani ya mipaka inayokubalika. Unapata majibu elfu. Yanaweza kurundikana mahali pamoja au kutawanyika, na huko kutawanyika ndiko kunakokuonyesha ukubwa wa shaka.

Kisha unabadili kimoja kimoja kati ya vitu hivyo uone kipi kinaliyumbisha jibu zaidi. Ikiwa ni asilimia ya nyufa, fedha ya utafiti iende kwenye majaribio ya kupampu kisima siku kadhaa huku visima jirani vikiangaliwa. Kununua vipima mvua vipya kutasaidia kidogo. Faida nyingine ni kwamba unaona shaka si sawa kwa kila kitu. Uchambuzi ule wa 2013 ulionyesha kuwa ongezeko linalotarajiwa la mvua kali za mwezi ni kubwa kuliko badiliko la mvua ya wastani, na mvua kali ndizo zinazojaza bonde.

Lakini majibu elfu hayatiwi saini, na waziri au bodi ya maji ya bonde inahitaji uamuzi. Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, lilijiwekea utaratibu wa maneno: likisema jambo "lina uwezekano", lina maana ya asilimia 66 au zaidi, "uwezekano mkubwa sana", 90 au zaidi. Inasaidia, maana bila hivyo "huenda" ya mhandisi si "huenda" ya mwanasiasa. Kwa Dodoma mimi ningebadili swali lenyewe. Badala ya "maji yanayoingia kwa mwaka ni kiasi gani?", liwe "kati ya njia hizi elfu, ni ngapi ambazo maji yanashuka chini ya pampu kabla mvua kubwa nyingine haijafika?" Zikiwa 20, hiyo ni hatari ya kuvumilika kwa mji wenye chanzo kingine. Zikiwa 300, hapana.

Ukosefu wa uhakika hautoi ruhusa ya kuendelea tu. Azimio la Rio la 1992 lilisema wazi kwamba pale panapotishia madhara makubwa au yasiyorekebishika, kukosa uhakika kamili wa kisayansi kusiwe sababu ya kuahirisha hatua, na kanuni hiyo ya tahadhari imo katika Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Wala haimaanishi kufunga visima. Kuchota kidogo mno nako kuna gharama: mgawo, madumu, na maji ya boza kwa bei ya mwenye boza. Chanzo cha aina nyingine, kama mradi wa bwawa la Farkwa wilayani Chemba, kinapunguza hatari kwa sababu udhaifu wake haufanani na wa kisima. Bwawa linaogopa jua na mchanga. Bwawa la Ikowa, la miaka ya 1950, lilijaa tope haraka. Kisima kinaogopa pengo refu kati ya mvua kubwa mbili.

Kilichobaki ni namna ya kuandika kibali. Kibali kinachosema "lita kadhaa kwa siku" kwa miaka mingi kinadhani modeli ilipatia. Kinachotaja kina cha maji katika visima vya uangalizi, kwamba yakishuka hadi mita fulani uchotaji unapunguzwa na mgawo unatangazwa mapema, na yakipanda unaruhusiwa tena, kinafanya kazi hata kama modeli ilikosea. Ila kinadai fundi mwenye tepu afike kila mwezi, pamoja na daftari la pampu.