Hapana, Sikuacha Botania Nilipoingia Utawala

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na mhadhiri: "Pole, madam, serikali iliiba mwanasayansi wetu." Wengine husema nilichoka na msitu, au nilifuata mshahara. Chini ya maneno yote hayo kuna dhana moja: kwamba mtaalamu wa mimea akiingia utumishi wa umma, elimu yake huifungia kabatini na kuanza kazi nyingine kabisa. Si kweli, na inawapotosha wasichana wanaosoma pale Chiromo, kampasi ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, wakidhani mbele yao kuna maabara na ualimu tu.

Kwanza tumalize la Wangari Maathai, maana kila nikibisha huletwa yeye kama mfano wa mbotania, yaani mtaalamu wa mimea, aliyeingia serikalini. Maathai alisoma biolojia, na uzamifu wake wa mwaka 1971 katika Chuo Kikuu cha Nairobi ulikuwa wa anatomia ya wanyama. Alikuwa waziri msaidizi wa mazingira kuanzia 2003, lakini mbotania hakuwa. Ninamheshimu mno, kwa hiyo sitaki apachikwe asichokuwa.

Ukitaka mfano, mchukue Helen Gwynne-Vaughan, mtaalamu wa kuvu aliyeongoza idara ya botania ya Birkbeck, London, tangu 1909. Mwaka 1917 alikabidhiwa kikosi cha wanawake cha jeshi la Uingereza kule Ufaransa, na 1918 kile cha jeshi la anga. Baadaye alirudi Birkbeck akawa profesa, na 1939 akaitwa jeshini tena. Au E. K. Janaki Ammal, mtafiti wa kromosomu za miwa, ambaye Nehru, waziri mkuu wa India, alimwita kutoka Uingereza mwaka 1951 aje kuipanga upya Botanical Survey of India, taasisi ya serikali ya utafiti wa mimea.

Sasa nije kwenye linalonikera hasa. Watu hudhani kazi yetu ni kujua majina ya miti. Nenda Hebaria ya Afrika Mashariki, ghala la mimea iliyokaushwa, pale Museum Hill, Nairobi. Ilianzia Amani, Tanganyika, mwaka 1902, ikahamia Nairobi 1950, na ina takriban sampuli milioni moja. Toa karatasi yoyote. Utakuta mmea uliokaushwa na kubandikwa, jina la mkusanyaji, namba yake, tarehe, mahali, mwinuko, hata rangi ya ua, kwa kuwa ua likikauka rangi hupotea. Kisha tazama vile vikaratasi vya utambuzi. Mtaalamu asiyekubaliana na jina halifuti. Hubandika kikaratasi kipya chenye jina analoliona sahihi, akatia jina lake na mwaka. Cha zamani kinabaki palepale. Aliyekosea na aliyemsahihisha wote wanaonekana, na mmea wenyewe upo, tayari kuwaumbua wote wawili.

Faili nzuri ya serikali ni hivyo hivyo. Folio, yaani kurasa za faili, zina namba, maoni yana sahihi na tarehe, na afisa mpya akitengua uamuzi, ule wa kwanza bado unasomeka. Faili mbaya huanza na "kama tulivyokubaliana" bila kusema nani alikubali, lini, kwa ushahidi gani. Nilipopewa kusimamia masijala sikuhitaji kozi ya kunieleza tatizo. Faili isiyo na alama hata moja ya ubishi ndiyo niliyoitilia shaka kwanza, na hadi leo ndivyo ninavyosoma zabuni na kumbukumbu za usaili wa kazi.

Botania yenyewe pia inafika mezani. Mathenge, mti wa kigeni wenye miiba, ililetwa Baringo miaka ya 1980 ili izuie jangwa na kutoa kuni, ikaishia kuziba malisho, na mwaka 2008 ikatangazwa kuwa gugu hatari. Zilizoletwa nchini hazikuwa spishi moja. Kulikuwa na Prosopis juliflora na Prosopis pallida, ambazo hata wataalamu huzichanganya, na juliflora ndiyo iliyotawala Baringo. Aliyetia sahihi kibali cha kuileta alihitaji mtu wa mimea ndani ya chumba kile, mwenye cheo cha kutosha kusema "ngojeni kwanza".

Halafu kuna migunga. Tangu uamuzi wa kongamano la wataalamu wa mimea la Vienna la 2005, uliothibitishwa Melbourne 2011, jina la kisayansi la migunga yetu ni Vachellia na Senegalia, si Acacia tena. Ripoti moja ya tathmini ya mazingira huandika jina la zamani, nyingine jipya, na bodi ikadhani ni miti miwili tofauti. Bila mtu wa kuliona hilo, uamuzi hupita.

Nina mashaka pia. Nyasi na ndago zimenitoka mkononi. Siku hizi lazima nimwite mtu. Zaidi ya hapo, mbotania ana ruhusa ya kuandika "sp.", yaani spishi bado haijatambuliwa, na kusubiri. Kitabu kikuu cha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania kilianza kutoka 1952 kikakamilika 2012, kikiwa na spishi zaidi ya 12,000. Miaka sitini! Bajeti yangu inafungwa Juni. Kila mwaka ninatia sahihi maamuzi ambayo ushahidi wake nisingeukubali kwenye karatasi ya hebaria. Wenzangu wengine husema uangalifu huu umenifanya afisa bora, wengine kwamba unachelewesha kazi, na nadhani wote wana haki. Tena kila mmoja wetu anayehamia utawala huacha kiti hebariani, na viti hivyo havijazwi upesi. Hilo linaniuma.

Kwa hiyo ninyi mnaoandika ripoti za tathmini: orodha ya mimea isiyo na sampuli nitairudisha. Andika namba ya mkusanyaji na hebaria ilikohifadhiwa. Tingatinga likishapita hakuna pa kurudi kuhakiki, na sitakubali jina ambalo ushahidi wake uliobaki ni neno lako tu.