Mpangilio wa kibodi ni nini, na kwa nini laptop za nchi tofauti hazifanani

Ukisikia mtu anasema laptop hii ni QWERTY ile ni AZERTY, anaongelea mpangilio wa kibodi, yaani herufi ipi imekaa wapi. Majina yametokana na herufi 6 za mwanzo za mstari wa juu, ukisoma kutoka kushoto. Marekani na Uingereza wanatumia QWERTY, Ujerumani na Austria QWERTZ maana Y na Z zimebadilishana nafasi, Ufaransa na Ubelgiji AZERTY, na kwa Wafaransa hata namba za juu lazima ushike Shift, bila hivyo zinatoka é, ç na wenzake.

Na QWERTY zenyewe si moja. Ya Marekani Shift na 2 inatoa @, ya Uingereza inatoa ", halafu @ imehamia karibu na Enter.

Sasa hapa ndo pa muhimu kuliko pote na wengi hawapajui: kibodi haijui herufi iliyochorwa juu yake. Ukibonyeza inatuma namba ya kitufe tu, halafu mfumo unaoendesha kompyuta, yaani Windows au Linux, ndo unaamua itoke herufi gani kutokana na setingi. Kwa hiyo laptop ya Kijerumani ukiiwekea setingi ya Marekani ukabonyeza palipoandikwa Z itatoka Y, na hakuna kilichoharibika hata kidogo, usikimbilie kununua kibodi nyingine. Ingia kwenye setingi za lugha uongeze mpangilio unaoutaka. Ukiwa nayo miwili, kwenye Windows unahama kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na spesi. Paswedi yenye y, z au @ ikikataa na una uhakika nayo, angalia kwanza mpangilio uliopo hapo kwenye skrini ya kuingilia.

Kisichobadilika kwa setingi ni umbo. Kibodi nyingi za Ulaya Enter yake ni ndefu, imeshika mistari miwili, na Shift ya kushoto ni fupi kwa sababu pembeni yake kuna kitufe cha ziada, ambacho kwa Wajerumani ndo kina < na >. Ya Marekani Enter imelala na hicho kitufe hakipo kabisa. Kwa hiyo ukiagiza kibodi ya kubadilisha, linganisha Enter na Shift ya kushoto na ile ya zamani kabla hujalipa, maana hata matundu ya kava yanaweza yasiendane.