Leseni ya upimaji ni ya mpaka, si ya mashine

Mara ya nne mwezi huu naulizwa kuhusu leseni. Safari hii ni mama mmoja wa Moshono, hapa Arusha, anayejenga nyumba ya vyumba vinne. Alinisimamisha getini nikiwa na miguu ya mashine ya kupimia begani: "Mwanangu, shemeji yangu kaniambia huna leseni ya upimaji, kwa hiyo ukinisetia nyumba tutashitakiwa wote. Ni kweli?" Fundi alikuwa ameshika uzi, vibarua wawili wameegemea majembe, jua linapanda. Nikamjibu kwa kifupi tukaendelea na kazi. Jibu refu ni hili.

Mimi kazi yangu ni kuseti majengo, yaani kuonyesha chini mahali kuta na nguzo zitakaposimama. Napokea mchoro wa msanifu na wa mhandisi, nafunga profaili (mbao za kushikilia uzi), napigilia misumari ya gridi, ile mistari ya nguzo, natoa levo ya jamvi, yaani kimo cha sakafu, nguzo zinasimama pale zilipochorwa. Kiwanja nakikuta tayari kimepimwa. Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura ya 324, inashughulika na upimaji unaozaa kiwanja chenyewe: bikoni (vile vinguzo vya zege vya mpaka), na ramani ya upimaji inayopelekwa kwa Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani aiidhinishe, ambayo hati yako inaiegemea. Hiyo ni kazi ya mpima mwenye leseni, na mimi siigusi. Kuipanga nyumba ndani ya mipaka iliyokwisha kuwekwa ni sehemu ya ujenzi. Ikiharibika, anayeulizwa ni mkandarasi na mhandisi, na hao wana bodi zao za usajili kwa sheria za mwaka 1997. Fundi aliyepanga msingi wa nyumba ya baba yako kwa futi kamba na 3-4-5, ile pembetatu inayotoa kona ya mraba, hakuiba kazi ya mpima yeyote.

Najua shemeji kaitoa wapi hoja yake. Kasoma mambo ya Marekani. Kule kila jimbo lina sheria yake, na California imeingiza ndani ya maana ya upimaji ardhi hata kuweka mstari na kimo cha kazi za uhandisi. Kwa hiyo kwao ni swali zito na wanagombana nalo kwa haki. Lakini huwezi kuchukua sheria ya Sacramento, makao makuu ya California, ukaja kumsimamishia mtu zege Moshono.

Kinachonichosha hasa si hofu ya leseni. Ni imani iliyo nyuma yake, kwamba mashine ndiyo yenye mamlaka. Mtu akiona miguu mitatu na lenzi anasema "sevea amekuja", yaani mpima. Kesho yake anamwambia jirani, "mpaka wangu umethibitishwa, sevea alipita." Hapana! Nilichoacha pale ni vigingi vya mbao na misumari ya inchi tatu. Vinasema kona ya nyumba iko hapa ikiwa mpaka uko pale ulipoonyeshwa. Havisemi neno lolote juu ya mpaka. Siku jirani akija na panga, profaili yangu haiwezi kuwa shahidi.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa Kisongo. Mwenye kiwanja alinizungusha kwenye bikoni nne, zote zimefyekewa vizuri. Kabla sijafunga chochote huwa napima pande zote za kiwanja na ulalo wake (kona hadi kona inayoikabili), nalinganisha na ramani. Pande mbili zilikubaliana, tofauti sentimita moja au mbili. Pande nyingine mbili, zile zinazokutana kwenye kona moja, zilikataa. Mmoja ulizidi sentimita 64. Nikapima tena nikidhani nimesoma vibaya. Ni 64 ileile.

Nikaenda kupiga magoti kwenye ile bikoni. Kichwa cha zege, chuma katikati, namba imeandikwa zege likiwa bichi, inasomeka na inalingana na ramani. Fundi akasema, "Kaka, namba si hiyo hapo? Unatafuta nini tena?" Nikachimba pembeni kwa mwiko. Bikoni ambayo haijaguswa udongo wake umeshikana nayo, unakwaruza. Hii udongo ulikuwa laini kama wa shimo la mgomba, na upande mmoja wa zege ulikuwa na mkwaruzo mpya mweupe. Trekta iliipitia, mtu mwema akaiokota akaisimamisha alipoona panafaa. Namba ilikuwa sahihi kabisa. Mahali ndipo palipokuwa si penyewe.

Tungeendelea, ukuta wa upande ule ungekula zaidi ya nusu mita ya nafasi ya kuacha hadi mpakani iliyoandikwa kwenye kibali cha ujenzi. Nikafunga mashine. Mwenye kiwanja alikasirika kwa haki, kwani vibarua walikuwa wameshafika na posho yao inadaiwa. Akaitwa mpima mwenye leseni, akairudisha bikoni mahali pake kwa taratibu zake. Siku tatu baadaye nilirudi kuseti.

Hapa ndipo leseni inapoanza kuhitajika: bikoni ikikosekana, ikilala, ikikataa kulingana na ramani, au jirani akisema "hapo si mpaka". Si kwa sababu mimi siwezi kusoma koordineti, zile namba za mahali kwenye ramani. Naweza, na mashine ingenipeleka kwenye lile shimo la zamani kwa dakika kumi. Lakini kigingi ambacho mimi ningekichomeka pale kisingekuwa bikoni. Kingekuwa maoni yangu yaliyosimama kwenye ardhi ya watu wawili.

Na kuna jambo linalonisumbua, ambalo hata darasani hawakulisema. Ninapopima umbali kati ya bikoni na bikoni, je, sijaanza tayari kupima mpaka? Nimejiwekea kanuni: namtajia mteja namba mbili, ile niliyoipima na ile iliyoandikwa kwenye ramani, kisha nanyamaza. Simwambii mpaka uko wapi, wala simpi karatasi. Lakini mteja akishasikia "64" tayari ameelewa kwamba kona yake si halali, na ameelewa kutoka kwangu. Nikiacha kukagua nitajenga kwenye kosa. Nikikagua nimekanyaga ukingo wa kazi ya mwingine. Nimechagua kukagua, na bado sina amani kamili na uchaguzi huo.

Upande wa pili pia usemwe: leseni haimfanyi mtu ajue kuseti. Nimeona gridi ya nguzo za chuma za godauni ikiwekwa kwa GPS peke yake, na mtu mwenye vyeti vyote. GPS nzuri, ile yenye stesheni ya rejea, inakupa sentimita moja hadi mbili kwa kila nukta. Kwa kona ya shamba ni safi sana. Kwa boliti zinazosubiri sahani ya chuma iliyotobolewa kiwandani, ambako unaruhusiwa milimita chache tu, ni nguzo ya kukata na kuchomelea upya.

Halafu kuna gridi ya ramani, ile miraba ya koordineti, si ile ya nguzo. Ramani zetu za Arc 1960 (mfumo wa koordineti) huku ziko kanda ya 37 kusini, ambayo mstari wake wa kati ni nyuzi 39, kule Tanga. Arusha iko mbali na mstari huo, karibu na ukingo wa magharibi wa kanda, ambako gridi huvuta vipimo. Hata ukitoa kinachopunguzwa na kimo chetu cha mita 1,400 hivi, mita 100 ulizopima chini kwa tepu zinasomeka kama mita 100 na sentimita 2 kwenye gridi. Shuka Moshi, uko karibu zaidi na mstari, na ingawa uko chini zaidi, mchezo unageuka: mita 100 zinasomeka pungufu kwa sentimita moja na kidogo. Nyumba ya vyumba vinne haitaona tofauti. Godauni la mita 120 litaiona, na asiyelizima hilo sahihisho kwenye mashine kabla ya kuseti nguzo atalaumu nondo, atalaumu fundi, atalaumu tepu ya Kichina.

Kwa nyumba ya kawaida, 3-4-5 inatosha, ila ikuze iwe 9, 12 na 15, kisha pima ulalo zote mbili za msingi. Zikilingana, endelea.

Yule mama wa Moshono tulikagua kiwanja chake siku ileile. Bikoni tatu zipo na zinakubaliana na ramani. Ya nne hatukuiona, kona ile imefunikwa na migomba, na pale ndipo anapotaka ukuta wa jiko. Nimempa namba ya mpima mwenye leseni, atakuja Alhamisi. Profaili za upande wa barabara nimeshafunga, za upande wa migomba nitafunga Ijumaa asubuhi. Shemeji ameahidi kuwepo, na nimemwomba aje na jembe.